Bonde Kati ya Kilema na Marangu

Bibi yangu ni Mlutheri tangu 1957, na rozari yake iko ndani ya kopo la Blue Band, chini ya vitenge. Niliiona mwaka juzi alipohamia kwetu Soweto, hapa Moshi mjini, ili awe karibu na kliniki ya presha. Sikuuliza. Kwa Bibi huulizi. Unakaa naye mnamenya ndizi, anakuambia mwenyewe akitaka.

Alizaliwa Kilema. Ukifika leo utaona migomba na barabara inayopanda, lakini kwake yeye utotoni ule ulikuwa mji: kanisa, shule, nyumba ya mapadre, na kengele. Kengele ndiyo anayoisimulia zaidi. Ililia asubuhi, saa sita na jioni, na ikilia watu walisimama palepale, jembe mkononi, wakasali Malaika wa Bwana. "Hata mbuzi walikuwa wanajua," anasema. Misa ilikuwa Kilatini. Walijibu kama kasuku, na aliyekosea alikonyezwa na mama yake. Hadi leo Bibi anaweza kujibu misa nzima bila kujua hata neno moja maana yake nini.

Ng'ambo ya bonde ilikuwa Marangu, na Marangu walikuwa "wale wengine".

Sasa hapa ndipo historia inanichekesha, na kuniudhi kidogo. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Kilema mwaka 1890 wakitokea pwani, wakiongozwa na Askofu de Courmont, na Mangi Fumba akawapokea. Waanglikana walikuwa Moshi kwa Mangi Rindi tangu 1885, lakini Wajerumani hawakuwaamini, na 1892 wakaondoka. Mwaka uliofuata wakaja Walutheri wa Leipzig, wakaanzia Machame, kisha 1894 Mamba, na Marangu ikaangukia upande huo. Basi. Mangi alikuwa na hesabu zake: shule, zawadi, rafiki mwenye nguvu dhidi ya jirani. Mzungu aliyemfikia kwanza ndiye aliyeamua wajukuu zake wangesali vipi. Miaka 60 baadaye Bibi alikuwa anaambiwa kwamba bonde lile limechorwa na Mungu.

Babu alitoka ng'ambo. Alikuwa mbeba magunia ya kahawa ya ushirika, na walikutana sokoni Marangu Mtoni, Bibi akiwa amefuata mama yake na mkungu wa ndizi kichwani. Walipokutana walizungumza nini, hilo hajaniambia na sitegemei aniambie.

Kwa sheria za Kanisa za wakati ule, Mkatoliki aliyefunga ndoa mbele ya mchungaji alijitenga na sakramenti. Baba yake alijua. Wazee wa upande wa Babu walipoleta mbege ya posa, aliipokea, akaibeba mwenyewe hadi nyuma ya nyumba, akaimwaga kwenye migomba. Bibi alivuka bonde bila baraka yake. Miaka miwili hawakusemeshana. Mtoto wa kwanza alizaliwa, babu yake hakuja kumwona, na kutoka mlango hadi mlango ni mwendo wa asubuhi moja kwa miguu.

Kilichowarudisha kilikuwa jani la isale. Ukoo wa Babu ulituma wazee wawili na isale, na Mchaga akiletewa isale hakatai. Hata mwenye hasira ya kuua anapokea. Mzee akapokea. Mbege ikanywewa safari hii. Padre hakuitwa, mchungaji hakuitwa.

Kuna Mjerumani mmoja, Bruno Gutmann, mchungaji aliyefika Kilimanjaro 1902 na kuishi miaka mingi Old Moshi, ambaye mwaka 1926 alichapa kitabu kinene juu ya sheria za Wachaga. Aliamini kwamba ukoo, ujirani na rika ni vifungo alivyoviweka Mungu, na kwamba Injili isivivunje. Wenzake wengi waliona anazidisha. Mimi namheshimu, ila naona hakulitazama bonde: vifungo vya ng'ambo na ng'ambo vilikatwa na misheni zenyewe, ya kwake ikiwemo. Nilimsimulia Bibi habari zake. Akasema, "Huyo angalau aliuliza watu."

Kisha ukaja Mtaguso wa Vatikano, 1962 hadi 1965, na Kilema nao wakaanza kusali kwa Kiswahili. Hili Bibi hajalisamehe. "Nimeondoka ndiyo wakaanza kusema maneno yanayoeleweka!"

Babu amelala kihambani Marangu, chini ya migomba, na kaburi la Bibi litakuwa pembeni yake. Hilo halina mjadala. Baba mkubwa ameshapanga kila kitu, mchungaji, kwaya, hata maturubai. Lakini mwezi uliopita, tukiwa jikoni, Bibi alinikabidhi lile kopo.

"Hii iende na mimi. Usimwambie baba yako mkubwa."

Baba mkubwa hasomi mambo ya mtandaoni. Hilo ndilo tegemeo langu.

Nikamuuliza, "Nikuwekee shingoni, Bibi, au mkononi?"

Alifikiri, kisu kikiwa kimesimama kwenye ndizi. "Mkononi, chini ya kitenge. Mchungaji atakuwa anatazama kitabu chake."