Pamba, Uzi na Mrija: Tamponi za Zamani Zilivyotofautiana



Mabibi harusi wanaoingiliwa na hedhi siku ya shughuli huniuliza swali moja: tamponi gani hukaa tangu asubuhi mpaka usiku bila kubadilishwa, maana gauni ni zito? Jibu limo katika historia yake.

Pamba si ngeni kwetu. Katika Muwatta ya Imam Malik imepokewa kwamba wanawake walikuwa wakimpelekea Bibi Aisha (r.a.) vijisanduku vyenye pamba waliyotumia, awaambie kama wameshatoharika.

Tamponi ya kisasa ilianzia Marekani. Daktari Earle Haas aliomba hataza mwaka 1931 na akapewa 1933. Yake ilikuwa pamba iliyobanwa, imeshonewa uzi wa kuvutia, ndani ya mirija miwili ya karatasi ngumu. Mrija mmoja husukuma ndani ya mwengine, ili vidole visiguse pamba. Gertrude Tendrich aliinunua hataza hiyo kwa dola 32,000, akaanza kuzitengeneza nyumbani kwake kwa cherehani na mashine ya kubania pamba. Hiyo ndiyo Tampax.

Ujerumani, mwaka 1950, ikaja o.b., iliyobuniwa kwa msaada wa daktari wa kike, Judith Esser-Mittag. Hii haina mrija, ni ndogo, husukumwa kwa kidole. Tampax ya zamani ikilowa hurefuka; o.b. hutanuka kwa upana.

Miaka ya 1970 kampuni ya Procter & Gamble ikaleta Rely. Hii ilikuwa kifuko kama cha majani ya chai, kimejazwa vipande vya sponji na selulosi iliyotengenezwa inyonye mno. Ilikusudiwa kuzishinda zote kwa kunyonya, na wanawake waliipenda kwa hilo hilo.

Kufikia mwaka 1980 wanawake vijana, wazima wa afya, walikuwa wakiugua ghafla kwa sumu ya bakteria inayoingia kwenye damu. Wengine walifariki. Rely ikaondolewa madukani Septemba mwaka huo. Na si Rely peke yake: tamponi za makampuni mengine zenye kunyonya sana nazo zilihusishwa.

Kwa hiyo, bibi harusi, tamponi ya kukaa kutwa usiitafute. Chagua inayonyonya kiasi kidogo kinachokutosha, ibadilishe kila baada ya saa 4 hadi 8, na kamwe isizidi 8. Ukipata homa ya ghafla, kutapika, kizunguzungu au upele mwekundu, itoe na uende hospitali mara moja.

Gauni likiwa zito, mwambie somo wako mapema akushikie pindo mkaingie chooni. Wageni watasubiri. Mwili ni amana, na tutaulizwa juu yake.