Swichi moja, ampuli tatu: historia iliyojificha ndani ya ukuta



Fundi akija kufunga mwanga nyumbani, anauliza: ampuli ya sebule, ya chumba na ya baraza zitawaka na swichi moja, ao kila moja na yake? Tunaona ni kazi ndogo ya mikono tu. Lakini mbele ya mwaka 1880, wahandisi wengi wa Ulaya waliamini kwamba kugawa umeme katika taa nyingi ndogondogo hakuwezi kuleta faida.

Juu ya nini? Mwaka 1878, barabara ya Avenue de l'Opéra kule Paris iliwashwa kwa taa za Yablochkov: vijiti viwili vya kaboni na moto mkali katikati yao. Taa za namna ile zilifungwa kwa kufuatana, ile tuliyofundishwa shuleni kwa jina la seri. Umeme unatoka taa hii unaingia ile. Moja ikikatika, njia yote imekatika, mpaka utafute kifaa cha kuwapitishia wenzake. Mwanga wenyewe ulikuwa mkali mno kwa chumba cha kulala.

Thomas Edison alichukua njia ingine. Mwaka 1879 alitengeneza ampuli yenye uzi mwembamba unaopinga umeme sana, kusudi kila ampuli inywe umeme kidogo. Hapo aliweza kuzifunga sambamba, ndiyo paraleli: kila ampuli inashika waya wa kwenda na waya wa kurudi peke yake. Moja ikiungua, zingine zinaendelea. Tarehe 4 Septemba 1882, kituo chake cha Pearl Street, New York, kilianza na ampuli karibu 400. Miaka miwili kisha, John Henry Holmes wa Newcastle, Uingereza, alitengeneza swichi yenye springi inayokata umeme haraka, moto usipate nafasi ya kuunguza vyuma vyake.

Na sisi huku? Tarehe 22 Aprili 1893 jeshi la Dhanis liliingia Kasongo, mji wa Tippu Tip uliokuwa mikononi mwa mtoto wake Sefu. Daktari Hinde, aliyekuwa katika jeshi lile, aliandika kwamba walikuta mishumaa na vibiriti kwa wingi. Huo ndio ulikuwa mwanga wa kitajiri wa Kasongo. Umeme ulipofika Kongo, ulifuata zaidi madini: Mwadingusha, mwaka 1930, kwa shaba ya Katanga, na hapa kwetu Maniema, Lutshurukuru, kwa migodi ya bati ya Kalima. SNEL iliundwa mwaka 1970, na sheria ya tarehe 17 Juni 2014 ikafungulia wengine mlango wa kuzalisha na kuuza umeme. Lakini kwenye nyumba nyingi za Kasongo na Kabambare, mwanga ulikuja na paneli ya jua na batri.

Hapo ndipo historia inaturudia. Nyumba yenye paneli ni Pearl Street ndogo: umeme ule ule wa mkondo mmoja, kituo na ampuli vikikaa karibu. Na makosa ni yale yale. Ukifunga ampuli tatu za volti 12 kwa kufuatana, kila moja inapata volti 4 hivi, haiwaki. Zifunge sambamba: waya wa chanya utoke kwenye batri, upite kwenye fyuzi, kisha kwenye swichi, ndipo ugawanyike kwa ampuli zote tatu. Waya za hasi zote zirudi kwenye batri.

Fanya hesabu. Ampuli moja ya wati 6 inakula nusu ampea. Tatu ni ampea 1.5, na zote zinapita ndani ya swichi ile moja na waya ule mmoja wa mwanzo. Kwa volti 220, wati zile zile 18 hazifiki hata ampea 0.1. Kwa hiyo waya mwembamba wa simu huku unapoteza nguvu, na ukizidi unapata moto. Kama nyumba iko na volti 220, swichi ikate fasi, si nyutro. La sivyo ampuli imezimika lakini umeme ungali pale, unangoja mkono wa mtu anayeibadilisha.

Na jambo la mwisho. Swichi moja ina maana taa tatu zinaamka pamoja. Mtoto akitaka kusoma saa tatu ya usiku, baraza nayo inakula batri bure. Basi mbele ya fundi kutoboa ukuta, tukae na wazee wetu tuamue: taa gani zinaishi pamoja, na taa gani ya masomo ipate swichi yake. Diploma zetu zianze kazi hapo, chini ya paa la nyumbani.