Pazia la Jicho: Habari za Chombo Kidogo cha Waganga wa Macho

Waswahili wana neno lao wasemalo, "Macho hayana pazia." Maana yake ni kwamba mtu hawezi kukatazwa kukitazama kilicho mbele yake. Neno hilo ni kweli kwa mtu apitaye njiani, lakini kwa mganga wa macho si kweli hata kidogo. Jicho lina pazia, nalo ni kope. Unyasi ukikaribia, kope hujifunga. Vumbi likipeperushwa na upepo, hujifunga. Na kisu cha mganga kikikaribia, hujifunga vile vile, kwa kuwa kope hazijui kumtenga rafiki na adui. Leo tunapenda kueleza jinsi watu walivyopata kulishika pazia hilo lisifunge wakati wa kupasua jicho, na kwa nini habari hizi zinatuhusu sisi tukaao Tarime na Serengeti, hasa wenye watoto wadogo.

Chombo chenyewe, kwa kukitazama, ni kitu duni. Ni waya mwembamba wa chuma kisichoshika kutu, uliokunjwa katikati kama kamani, na ncha zake mbili zimepindwa zikawa vitanzi vidogo. Waganga na wauguzi hukiita spekulamu; sisi tutakiita kitanua-kope, maana hiyo ndiyo kazi yake. Mganga akitaka kumpasua mtu mzima, kwanza humtia dawa ya ganzi. Kisha hukibana chombo kwa vidole viwili, hupitisha kitanzi kimoja chini ya ukope wa juu na cha pili chini ya ukope wa chini, halafu huvilegeza vidole polepole. Waya hutaka kurudi katika hali yake ya kwanza, na kwa kurudi kwake huzitenga kope mbili, jicho likabaki wazi. Viko vingine vyenye skrubu ndogo, ili mganga aupime upana autakao. Viko tena vyenye bapa badala ya vitanzi, ili kuziweka mbali nywele za kope, kwa sababu humo hukaa vijidudu vya maradhi. Kazi ikiisha, chombo husafishwa, hutiwa katika mvuke wenye moto mkali, na kesho hutumika kwa mgonjwa mwingine.

Labda mtu atauliza, "Je, waya tu ni jambo la kutolewa hotuba?" Tumjibu kwa habari za kwetu. Katika nchi ya Wakurya, tangu zamani alikuwako mganga aliyeitwa omobari omotwe, yaani mpasuaji wa kichwa. Mtu alipopigwa rungu la kichwa, akawa na maumivu yasiyokwisha, mganga huyo aliipasua ngozi ya kichwa, akaifunua kando, akaukwangua mfupa uliovunjika. Jirani zao Wagusii wa Kenya walikuwa na ufundi huo huo, na mwaka 1985 madaktari walichapisha habari za kazi hiyo ya Wagusii katika jarida la wapasuaji. Hatusemi haya ili mtu akapasuliwe kichwa kijijini. Twasema ili ijulikane kwamba wazee wetu walilifahamu jambo moja la msingi: mpasuaji ye yote huanza kwa kufungua njia, kisha huishika isifunge mpaka kazi iishe. Tofauti ni hii, kwamba ngozi ya kichwa ikifunuliwa hukaa, kope hazikai.

Ugonjwa uliowafanya watu wa kale walipasue jicho ni ule tuuitao mtoto wa jicho. Ndani ya jicho, nyuma ya mboni, mna kioo kidogo kinachopitisha nuru. Kikiingia ukungu, mboni huonekana nyeupe, na mtu huona kama atazamaye katika moshi. Huko Bara Hindi, katika kitabu cha mganga Sushruta, umeelezwa ufundi wa kuchoma jicho kwa chombo chembamba na kukisukuma kioo hicho kando, nuru ipate kupita. Waarabu waliuendeleza uganga huo. Ali bin Isa aliandika kitabu kizima cha maradhi ya macho huko Baghdad, na al-Zahrawi wa Cordoba, aliyefariki yapata mwaka 1013, alichora picha za vyombo vingi vya kupasulia, na kulabu ndogo miongoni mwao. Katika siku hizo zote kope zilishikwa kwa kulabu hizo au kwa vidole vya msaidizi, na mgonjwa alishikwa kwa nguvu za watu.

Njia hiyo ya kusukuma kioo ilidumu karne nyingi, nayo ilikuwa na hatari kubwa. Johann Sebastian Bach, mtunzi wa muziki ambao vinanda vya makanisa huupiga hata leo, alitiwa chombo machoni na mganga Mwingereza John Taylor katika mji wa Leipzig mwaka 1750. Hakupona, na mwaka huo huo akafa.

Basi mwaka 1747 Mfaransa mmoja, Jacques Daviel, alithubutu jambo jipya. Hakukisukuma kioo kando, bali alikata mlango mdogo mbele ya jicho akakitoa nje. Maelezo yake yalichapishwa mwaka 1753, na kazi yake ndiyo asili ya upasuaji wa mtoto wa jicho unaofanywa leo. Lakini mlango huo ulileta hatari mpya. Fikirini kibuyu cha maziwa. Kikiwa kimezibwa, ukikibana hakuna neno. Kizibo kikitolewa, ukibana kidogo tu, maziwa humwagika. Jicho ni hivyo hivyo. Likisha kufunguliwa, mgonjwa akizikaza kope zake kwa uchungu au kwa hofu, au msaidizi akilikandamiza kwa kidole, ute ulio ndani hutoka nje, na jicho huweza kupotea kabisa. Tangu siku hiyo haikutosha kuzifungua kope tu. Ilipasa zifunguliwe bila kuligandamiza jicho lenyewe, hata kidogo.

Hapo waganga wakaanza kutafuta dawa na vyombo kwa pamoja. Mwaka 1846, huko Boston katika Marekani, ilionyeshwa dawa ya kumlaza mgonjwa usingizi asisikie kisu. Huko Paris, Louis-Auguste Desmarres, aliyeishi tangu mwaka 1810 hata 1882, alitoa chombo mfano wa kijiko kilichopindwa, cha kuinulia ukope mmoja kwa mkono. Chombo hicho kingali kina jina lake, na hufaa sana kwa kumtazama mtoto anayelia. Mwaka 1884 Karl Koller wa Vienna aligundua kwamba matone ya kokeini hulitia jicho ganzi, hata mtu aweza kupasuliwa akiwa macho. Lakini ganzi hiyo iliondoa uchungu tu. Misuli ya kope ilibaki na nguvu zake. Mwaka 1914 Mbelgiji aitwaye van Lint alionyesha namna ya kuilegeza misuli hiyo kwa sindano kando ya jicho. Na jamaa ya Barraquer, waganga wa macho wa Barcelona katika Hispania, jina lao limebaki katika kile kitanua-kope cha waya tulichokieleza. Uzuri wake ni wepesi wake: huzishika kope bila kulilemea jicho.

Mpaka hapa tumesema habari za jicho la mtu mzima. Jicho la mtoto ni jambo jingine. Watu wengi hudhani kwamba mtoto ni mtu mzima aliyepunguzwa, kama vile kanzu ndogo ni kanzu kubwa iliyokatwa. Sivyo. Jicho la mtu mzima, tangu mbele hata nyuma, lina urefu wa yapata milimita 24. La mtoto mchanga ni kama milimita 17. Mwanya wa kope zake ni mdogo, na ngozi yake ni laini. Tena ukuta wa jicho lake ni mwororo, hunyumbuka, na likifunguliwa vya ndani hutaka kusukumwa nje upesi kuliko vya mtu mzima. Chombo cha mtu mzima kikitiwa hapo, huvuta pembe za kope na kuligandamiza jicho, na mambo ya kile kibuyu yakatokea. Kwa hiyo vilitengenezwa vitanua-kope vya watoto, vyenye vitanzi vifupi na kamani isiyo kali, na vingine vidogo zaidi kwa watoto wachanga, hata wale waliozaliwa kabla ya miezi kutimia. Tena mtoto hapasuliwi kwa ganzi ya jicho peke yake, kwa sababu hawezi kuambiwa atulie; hulazwa usingizi na mtaalamu wa kazi hiyo. Ndiyo sababu hospitali iwezayo kumpasua babu huenda isiweze kumpasua mjukuu.

Sasa turudi kwetu. Wamisioni wa Kimenoni walifika Shirati mwaka 1934, na hospitali iliyotokana na kazi yao ilikuwa katika wilaya ya Tarime mpaka wilaya ya Rorya ilipotengwa mwaka 2007. Wenzetu wa Serengeti wanayo hospitali yao Mugumu. Lakini kwa upasuaji mgumu wa macho ya mtoto, mara nyingi safari huwa ndefu zaidi: kuvuka daraja la Kirumi katika mto Mara, kupita Bunda, mpaka Mwanza, kwenye hospitali ya rufani ya Bugando iliyofunguliwa mwaka 1971, au mbali zaidi, Moshi katika hospitali ya KCMC, ama Dar es Salaam. Nauli ni mzigo, na shamba na ng'ombe havina wa kuviangalia. Twayajua hayo. Lakini kungoja kuna gharama yake pia, nasi tuliiona kwa macho yetu.

Zamani kidogo, wanafunzi wetu wa ualimu walipokuwa wakifundisha kwa majaribio katika shule ya kijiji, waliona mvulana wa miaka kama tisa aliyekaa mbele kabisa, naye akiandika kwa kunakili daftari la jirani. Mboni zake zilikuwa na weupe. Mama yake alipoitwa alisema, "Walimu wangu, weupe huo niliuona nikali nikimbeba mgongoni. Niliambiwa jicho la mtoto halipasuliwi, ningoje akue." Basi wakubwa wa shule na jamaa wakachangishana, mtoto akapelekwa, akapasuliwa vizuri. Aliporudi aliweza kwenda kisimani bila kushikwa mkono, na mama yake alilia kwa furaha. Lakini maandishi ya ubaoni hakuyaweza kamwe, wala miwani haikumfaa kwa hayo.

Kwa nini, na hali upasuaji ulifanikiwa? Kwa sababu kuona si kazi ya jicho peke yake. Jicho huleta nuru, lakini ubongo ndio unaojifunza kuisoma, na masomo hayo hufanyika katika miezi na miaka ya kwanza ya maisha. Nuru ikizuiwa wakati huo, ubongo hukosa darasa lake, na darasa hilo halirudiwi. Mtoto aliyezaliwa na ukungu mzito katika macho yote mawili hufaa apasuliwe katika majuma ya kwanza, yapata juma la 6 hata la 10. Mzee wa miaka 70 aliyengoja miaka mitano aweza kurudishiwa macho yake, kwa kuwa ubongo wake ulikwisha kujifunza kuona zamani. Mtoto aliyengoja miaka mitano hana cha kurudishiwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 juu ya watoto wa Tanzania wenye mtoto wa jicho ulionyesha kwamba, tangu ugonjwa uonekane hata mtoto afikishwe hospitali, ilipita kwa wastani zaidi ya miaka miwili. Wazee walisema, "Samaki mkunje angali mbichi." Jicho nalo ni hivyo.

Kwa hiyo twawaomba wazazi, na walimu wenzetu, mshike mambo matatu. La kwanza, mtazameni mtoto machoni tangu siku za kwanza. Mkiona weupe katika mboni, au macho yasiyofuata uso wa mama, au makengeza yaliyozuka, mpelekeni kwenye kituo cha afya mara moja. Weupe huo waweza kuwa mtoto wa jicho, na mara nyingine waweza kuwa saratani, ambayo isipotibiwa humwua mtoto. Katika yote mawili, kungoja ni hasara. La pili, msimtie machoni maji ya majani wala dawa yo yote isiyotoka kwa mganga wa hospitali, kwa kuwa imeonekana hapa Tanzania kwamba dawa hizo huongeza vidonda vya macho ya watoto. La tatu, akisha kupasuliwa, mrudisheni kila siku iliyoandikwa katika kadi yake, na miwani aliyopewa avae.

Tulianza na pazia, na kwa pazia tumalize. Iliwachukua watu karne nyingi kujifunza kulishika pazia la jicho bila kuliumiza jicho, na miaka mingine tena kutengeneza chombo kiutoshacho udogo wa mtoto. Chombo hicho kipo. Lakini waya huo, kwa ufundi wake wote, hauwezi kwenda Nyamongo wala Nata kumtafuta mtoto aliyefichwa nyuma ya nyumba. Kazi hiyo ni ya baba na mama, na ya mwalimu aliye darasani. Mtazameni mtoto leo, ndugu zetu, wala msingoje akue.