Mafunzo ya Kinyozi Nyeri: Ufundi wa Kale Ulioingia Darasani kwa Kuchelewa

Mafunzo rasmi ya kunyoa nywele ni jambo la juzi katika Nyeri, Karatina, Othaya, Kerugoya, Nanyuki na Meru, ingawa ufundi wenyewe una umri mkubwa kuliko miji hiyo. Kabla ya kituo cha serikali ya kikoloni kufunguliwa Nyeri mnamo Desemba 1902, Wakikuyu wa eneo hilo walinyoana nyumbani kwa rwenji, wembe mdogo wa chuma uliofuliwa na wahunzi wao wenyewe. Chuma kilipatikana kwa kuosha mchanga mweusi, kisha kuuyeyusha kwa makaa na mivukuto. William Scoresby Routledge na mkewe Katherine, walioishi Nyeri mwanzoni mwa karne ya 20, waliueleza uhunzi huo katika kitabu chao cha mwaka 1910.

Kunyoa hakukuwa biashara. Kulifungamana na hatua za maisha: mama alinyolewa baada ya kujifungua, wafiwa walinyolewa baada ya msiba, na vijana walinyolewa walipoingia jandoni. Vijana wa rika la vita, kinyume chake, walifuga nywele, wakazisokota kwa nyuzi na kuzipaka mafuta na udongo mwekundu. Aliyejua kunyoa alijifunza kwa kuwatazama wakubwa wake wakifanya kazi hiyo, na hakulipwa kwa kila kichwa.

Kunyoa kwa malipo kulikuja na mji. Miongoni mwa Wahindi waliofika Kenya wakati wa ujenzi wa reli ya Uganda, kati ya 1896 na 1901, na baada yake, walikuwamo vinyozi waliorithi kazi hiyo kwa baba zao. Njia ya reli kutoka Thika ilipanda kuelekea mlimani na kufika Nanyuki mwaka 1930, na masoko yaliyokua kando yake yakawapa Waafrika nafasi ya kuanza kazi hiyo. Kinyozi wa sokoni alihitaji kiti, kioo kilichoning'inizwa kwenye shina la mti, mkasi, wembe na mashine ya mkono ya kubana kwa vidole. Mteja aliketi kivulini, akafungwa kitambaa shingoni, na wapita njia wakawa mashahidi wa ubora wa kazi.

Shule za ufundi za enzi hizo hazikumhesabu kinyozi huyo. Misheni za Mathari na Tumutumu, pamoja na chuo cha ufundi cha Kabete kilichoanzishwa na serikali katika miaka ya 1920, vilifundisha useremala, uashi na ufundi mwingine uliohitajiwa na wajenzi wa koloni. Kunyoa hakukuwamo. Hilo lilikuwa kosa la kudumu, kwa sababu kila mfumo wa mafunzo uliofuata ulirithi orodha ileile ya fani.

Miaka ya Hali ya Hatari ilizipa nywele uzito mwingine Nyeri. Wapiganaji wa Mau Mau walioingia misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya kuanzia 1952 walifuga nywele zikasokotana, na waliokamatwa wakatiwa kizuizini walinyolewa. Field Marshal Muthoni wa Kirima, mpiganaji wa Nyeri, aliendelea kuzifuga zake kwa miaka 70 hadi Aprili 2022, aliponyolewa hadharani na Mama Ngina Kenyatta, mjane wa rais wa kwanza wa Kenya. Kunyolewa huko kulifanya siku hiyo kazi ambayo wazee wa zamani wangeielewa vizuri: kufunga kipindi kimoja cha maisha.

Baada ya uhuru, swali lilikuwa vijana wanaomaliza shule ya msingi waende wapi. Ripoti ya Baraza la Kikristo la Kenya ya mwaka 1966 ndiyo iliyozaa vyuo vya ufundi vya vijijini, vilivyoanza mwishoni mwa miaka ya 1960. Useremala, uashi na ushonaji vilitangulia tena. Ususi uliingia baadaye, ukichukuliwa kuwa kazi ya wasichana, na mvulana aliyetaka kunyoa akaachiwa njia moja tu, yaani kutafuta fundi wa kumfundisha.

Wakati huo kazi yenyewe ilikuwa ikibadilika. Mashine ya umeme, ambayo Leo Wahl wa Illinois, Marekani, aliipatia hataza mnamo 1921, ilienea kadiri nyaya za umeme zilivyofika katika vituo vya biashara, na kinyozi akahama kutoka chini ya mti kuingia dukani. Kuta zilichorwa vichwa vya mitindo: afro, boksi, kisha kipara kilichoitwa Jordan, kwa jina la mchezaji wa mpira wa kikapu Michael Jordan. Mgonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini aliripotiwa mwaka 1984, na tangu hapo wembe uliotumika kwa watu wawili ukawa jambo la kuogopwa. Wateja walianza kudai wembe mpya ufunguliwe mbele ya macho yao. Vinyozi wakaanza kupangusa meno ya mashine kwa spiriti au kuyapitisha kwenye moto wa spiriti hiyo, na baadhi wakanunua masanduku ya mwanga wa kuua vijidudu.

Mafunzo yanayotolewa na fundi yana utaratibu wake, usioandikwa popote. Mwanafunzi hulipa ada au hufanya kazi bila ujira kwa miezi kadhaa. Huanza kwa kufagia nywele, kuosha vichwa, kukunja taulo na kupaka mafuta mashine. Kichwa cha kwanza anachokabidhiwa mara nyingi ni cha mtoto, ambaye atanyolewa chote na hatadai mtindo. Baadaye hufundishwa vichana vya mashine, namba 1 ikiacha nywele za milimita 3 hivi na namba 2 milimita 6, na namna ya kuzififisha kutoka juu hadi shingoni bila kuacha mstari. Kuchora paji la uso huja mwisho, kwa kuwa kosa la hapo halifichiki. Akihitimu, hupewa kiti katika duka hilohilo na kugawana mapato na mwenye duka.

Njia hiyo imetoa mafundi hodari sana wa mkono. Udhaifu wake uko kwenye yale ambayo fundi naye hakufundishwa. Nywele za Mwafrika hujikunja, na ndevu zikikatwa chini mno, ncha yake hurudi na kuchoma ngozi, ikaleta vipele. Kukwangua kisogo kila wiki kwa mtu mwenye nywele za aina hiyo kunaweza kuleta makovu yanayovimba. Mapunye nayo huhama kutoka kichwa kimoja hadi kingine kwa mashine isiyosafishwa. Mambo haya yanahitaji somo.

Somo hilo lilianza kupata mahali pake kupitia mtihani wa ufundi wa serikali. Mtihani huo ulisimamiwa na Kurugenzi ya Mafunzo ya Viwandani, na baada ya marekebisho ya sheria ya mwaka 2011, na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA. Una madaraja matatu, la III likiwa la kuanzia na la I la juu. Uzuri wake ni kwamba haumuulizi mtahiniwa alisoma chuo gani: aliyefunzwa chini ya mti Karatina anaweza kuketi pamoja na aliyesomea ususi na urembo chuoni. Mradi wa ajira kwa vijana wa KYEOP, ulioanza 2016 kwa fedha za Benki ya Dunia, ulitambua thamani ya fundi stadi kwa kuwapeleka vijana kujifunza mikononi mwake kisha kuwapima kwa mtihani huo.

Sheria ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi ya mwaka 2013 ilileta mitaala inayopima anachoweza mtu kufanya, na ngazi za chini za mafunzo hayo hazidai alama maalumu ya mtihani wa mwisho wa sekondari, KCSE. Mwaka huohuo vyuo vya vijijini viliingia mikononi mwa serikali za kaunti.

Leseni, hata hivyo, bado iko mlangoni mwa duka. Marekani, ambako A. B. Moler alifungua shule ya vinyozi Chicago mwaka 1893, jimbo la Minnesota lilianza kutoa leseni kwa kinyozi mwenyewe mwaka 1897. Kenya, kibali cha biashara cha kaunti hutolewa kwa duka, afisa wa afya ya umma hukagua mahali, na anayepiga muziki hudaiwa ada ya hakimiliki. Ujuzi wa aliyeshika wembe hauulizwi kwa uzito huo, na huo ni upungufu mkubwa.

Kuurekebisha hakuhitaji sheria mpya ya Bunge. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti mambo yote mawili: vyuo vya ufundi vya vijijini na leseni za biashara. Nyeri, Kirinyaga, Murang'a, Laikipia, Embu, Tharaka-Nithi na Meru zinapaswa kuviunganisha, zikianza na somo fupi la usafi wa vifaa na ngozi kwa kila kinyozi kabla kibali cha duka hakijatolewa upya.