Mkusanyaji na Mletaji: Joseph Murumbi, Alan Donovan na Hatima ya Vitu vya Sanaa

Eldama Ravine ni mji mdogo ulioko kaskazini-magharibi ya Nakuru, katika Bonde la Ufa. Mwishoni mwa karne ya 19 palikuwa kituo katika njia ya misafara ya kwenda Uganda. Hapo ndipo alipozaliwa Joseph Murumbi mwaka 1911, baba yake akiwa mfanyabiashara Mgoa na mama yake Mmaasai. Baadaye alichagua kujulikana kwa jina la upande wa mama. Wanahistoria humtaja zaidi kwa siasa: miaka ya uhamishoni London, Uwaziri wa Mambo ya Nchi za Nje, na Umakamu wa Rais aliouacha mwaka ule ule wa 1966 alioupata. Katika makala haya tunamtazama kama mkusanyaji wa sanaa, na hasa tunautazama uhusiano wake na mtu aliyemtafutia vitu.

Mtu wa kati katika biashara tumezoea kumwita dalali. Neno hili hubeba dhana ya mtu apokeaye ujira wake na kwenda zake mara mali ipatapo mwenyewe mpya. Je, latosha kuieleza kazi ya Alan Donovan? Mmarekani huyu alifika Kenya mwaka 1970 baada ya kufanya kazi Nigeria. Alikwenda kwa Waturkana, akanunua vyombo na mapambo yao, akayaonyesha Nairobi. Maonyesho hayo ndiyo yaliyomkutanisha na Murumbi, ambaye naye alitaka akusanyiwe vitu vya namna hiyo. Mwaka 1972 Murumbi, mkewe Sheila na Donovan waliianzisha African Heritage, nyumba ya sanaa za Afrika nzima. Tangu hapo mnunuzi na mletaji wakawa washirika.

Umuhimu wa mazungumzo ya watu kama hawa huonekana tukichukua mfano wa kitu kimoja. Mwanamume wa Kiturkana hutembea na ekicholong, kipande cha mti kilichochongwa. Hukikalia mchana, na usiku hukilaza kichwa juu yake ili nywele zake zilizosukwa na kupakwa udongo zisiharibike. Mletaji asipouliza, na mkusanyaji asipotaka kujua, kitu hicho kitaandikwa “kigoda” katika daftari, na nusu ya maana yake itapotea. Kwa hiyo habari waliyopeana watu wawili hawa haikuwa ya bei peke yake. Ilikuwa pia ya majina na matumizi.

Wasomaji wa jarida hili wanaufahamu mfano mwingine kutoka Lamu. Muhamadi Kijuma aliwanakilia tenzi wataalamu wa Ulaya kama Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann. Mawasiliano yale yalituhifadhia tungo nyingi, lakini pia yalizihamisha: leo mtafiti huzifuata London na Ujerumani. Murumbi alikusudia kinyume cha hayo. Katika miaka ya 1970, ingawa walikuwapo wanunuzi wa nje, aliiuzia Serikali ya Kenya nyumba yake ya Muthaiga pamoja na mkusanyo wake, wenye vitabu zaidi ya 8,000 vilivyochapishwa kabla ya mwaka 1900. Makubaliano yalikuwa kwamba nyumba ingegeuzwa kuwa chuo cha uchunguzi wa mambo ya Afrika.

Vitabu na sanaa vilihifadhiwa katika Nyaraka za Taifa. Chuo hakikupatikana. Nyumba iliachwa ikachakaa, ikabomolewa, na miti ya asili iliyoizunguka ikakatwa. Murumbi alikufa mwaka 1990 akiwa ameyajua hayo, akazikwa City Park, karibu na kaburi la rafiki yake Pio Gama Pinto.

Aliyebaki akiulizia habari za vitu vile ni yule ambaye lugha ingemwita dalali. Kwa miaka 31, hadi alipofariki mwaka 2021, Donovan alipigania urithi wa mwenzake. Vitu ambavyo Murumbi alivikusanya baada ya mauzo yale vikapata makao katika Nairobi Gallery, jengo la mwaka 1913 lililokuwa ofisi ya mkuu wa mkoa. Ni kweli kwamba Donovan alikuwa mfanyabiashara, na wala hatusemi kwamba hakupata faida. Tunachosema ni kwamba hati ya mauzo iliviokoa vitu visiondoke nchini, lakini haikuweza kuiokoa nia ya aliyevikusanya. Nia hiyo iliishi kwa sababu alikuwapo mtu mwingine aliyeijua.

Sasa wote wawili hawapo. Vitu vingali mikononi mwetu, na kila kimoja kina jina katika lugha ya waliokitengeneza. Hapana budi idara zetu za lugha zikayaandike majina hayo, pamoja na maelezo ya wenyewe, wakati ambapo wazee wanaoyafahamu wangalipo.