Dawa ya minyoo kwa kuku wa kienyeji: Kipimo ni uzani, si idadi

WAFUGAJI wa kuku wa kienyeji katika maeneo ya Kitale na Bungoma wanaweza kununua dawa ya minyoo kwa urahisi katika maduka ya dawa za mifugo. Tatizo huanza nyumbani, pale dawa inapomiminwa majini kwa kukisia, kifuniko kimoja au viwili vya chupa.

Dawa ikipungua, minyoo walio sugu hubaki hai na kuzaana. Ikizidi sana, kuku huweza kuyumba, kutetemeka hata kufa, nayo mabaki yake huingia katika mayai yanayoliwa na watoto.

Kipimo sahihi hutegemea mambo matatu: uzani wa kuku wote, miligramu zinazohitajika kwa kila kilo, na nguvu ya dawa iliyomo chupani.

Uzani hupimwa asubuhi kabla ya kuku kufunguliwa. Kuku hutiwa katika mfuko na kuning'inizwa kwenye mizani. Wakiwa wengi, mfugaji apime wachache wa kila rika, atafute wastani, kisha azidishe kwa idadi yao. Kuku walioboreshwa na taasisi ya utafiti ya KALRO wapimwe peke yao, kwa kuwa huwa wazito kuliko wa asili.

Chukua mfano wa boma lenye mitetea 12 wa kilo 1.5 kila mmoja, majogoo wawili wa kilo 2.5 na kuku 10 wanaokua wa kilo 0.7. Hesabu ni 18, kujumlisha 5, kujumlisha 7. Jumla kilo 30.

Dawa ya levamisoli kwa kawaida hutolewa miligramu 25 kwa kila kilo. Kwa hivyo kilo 30 zinahitaji miligramu 750.

Nguvu ya dawa ya maji huandikwa kwa asilimia. Zidisha asilimia hiyo kwa 10 ili kupata miligramu zilizomo katika mililita moja. Dawa ya asilimia 1.5 ina miligramu 15 kwa mililita, hivyo boma hilo litahitaji mililita 50. Ya asilimia 3 ina miligramu 30, na mililita 25 zatosha.

Hapo ndipo penye hatari. Aliyezoea mililita 50 akiuziwa chupa ya asilimia 3 bila kusoma karatasi yake, atawapa kuku maradufu.

Mwenye kuku wachache anaweza kumnywesha kila mmoja kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Mtetea wa kilo 1.5 atapata mililita 2.5 za dawa ya asilimia 1.5.

Maji nayo yana hesabu yake. Kitale iko juu zaidi kuliko Bungoma na ina baridi zaidi, na kuku hunywa maji machache wakati wa baridi. Siku moja kabla, mfugaji apime maji ambayo kuku wake humaliza kwa muda wa saa nne asubuhi. Dawa yote itiwe katika kiasi hicho.

Kuku wanyimwe maji kwa saa mbili kwanza, na wafungiwe bandani wasije wakanywa maji ya madimbwi. Vyombo viwe kadhaa ili wakubwa wasiwazuie wadogo.

Levamisoli huua minyoo duara, lakini haiwaui tegu. Piperazini nayo hutegemewa zaidi dhidi ya minyoo duara wakubwa. Kuhara damu mara nyingi husababishwa na koksidia, ambao si minyoo, na dawa hizi haziwatibu.

Minyoo duara wakubwa huchukua wiki tano hadi nane kukomaa, nayo mayai yao hudumu katika udongo wenye unyevu. Matandiko ya banda yasipobadilishwa, kuku wataambukizwa tena.

Maagizo ya mtengenezaji yakitofautiana na mfano huu, yafuatwe maagizo hayo, pamoja na siku ambazo mayai na nyama hazipaswi kuliwa wala kuuzwa. Pasipoandikwa lolote kuhusu kuku wa mayai, daktari wa mifugo wa kaunti aulizwe kabla ya chupa kufunguliwa.