Ruiru 11 Si Kumi na Moja

Ukipanda 237 pale mjini, unafika Thika. Ukipanda 145, unashuka Ruiru. Sijawahi kuona mtu timamu akijumlisha hizo mbili apate 382, kisha aulize makanga gari hilo linaenda wapi. Tunajua bila kufundishwa kwamba kuna nambari za kuhesabia, na kuna nambari ambazo ni majina tu yaliyovaa tarakimu. Kompyuta haijui. Lazima iambiwe, na isipoambiwa vizuri kuna mtu atalala njaa.

Shosho yangu alikuwa mwanachama 00417 wa chama cha ushirika cha kahawa, huko mlimani juu ya Ruiru. Siku chama kilipounganisha vitabu vya fakitori mbili na kuviingiza kwenye kompyuta, malipo yake yalipotea. Fakitori yake iliandika wanachama kwa tarakimu tano. Ile ya pili haikujali sufuri za mbele, na ilikuwa na 417 wake. Aliyetengeneza programu aliziweka zote kama namba kamili, na kwa hesabu 00417 na 417 ni kitu kimoja. Wakulima wawili wakawa mtu mmoja, na mtu huyo hakuwa shosho.

"Mama, mfumo unasema ulishalipwa," karani alimwambia.

"Basi huo mfumo uniletee huyo aliyelipwa, nimwone."

Miaka kadhaa baadaye, darasani Juja, nilikutana na kosa lile lile ndani ya Fortran. Fortran ni babu wa lugha za kompyuta. Ilitolewa na IBM mwaka 1957, kazi ya kikundi kilichoongozwa na John Backus, na jina lake linatokana na kutafsiri fomyula. Ilizaliwa kuhesabu. Maneno yalikuwa wageni ndani yake.

Ugeni huo haukuwa mdogo. Katika FORTRAN 66 hakukuwa na aina ya data ya herufi kabisa. Ukitaka kuandika Thika, unaandika 5HTHIKA: tano ni idadi ya herufi, na H ni ya Herman Hollerith, yule Mmarekani ambaye mashine zake za kadi zilizotobolewa zilihesabu sensa ya Marekani ya 1890. Herufi zenyewe ulizificha ndani ya vigeu vya namba. Kwenye mashine kama IBM 360, kigeu kimoja cha kawaida kilibeba herufi nne. Kwa hivyo Thika haikutosha: THIK inakaa kwenye kigeu cha kwanza, A inabaki peke yake kwenye cha pili, kama abiria aliyeachwa steji. Ruiru nayo yakaipata hayo hayo.

FORTRAN 77 ndiyo iliyoyapa maneno nyumba yao, aina iitwayo CHARACTER, pamoja na njia rasmi ya kuvuka kutoka upande mmoja hadi mwingine. Unaandika namba ndani ya mfuatano wa herufi kana kwamba unaandika kwenye faili: WRITE(JINA,'(I5)') N. Ukitaka kurudi, unatumia READ badala ya WRITE.

Ndani yake hakuna uchawi. Kila tarakimu iliyoandikwa ina msimbo wake. Katika ASCII, alama ya sufuri ni 48, ya moja ni 49, hadi ya tisa ambayo ni 57. Ili kusoma "00417", unaanza na sufuri mkononi. Kwa kila alama, unazidisha ulichonacho kwa kumi, kisha unaongeza msimbo wa alama hiyo ukishatoa 48. Unapata 0, halafu 0, halafu 4, 41, 417. Angalia zile hatua mbili za kwanza. Sufuri zimepita na hazikuacha hata alama ya kiatu. Ukimaliza, hakuna popote ndani ya 417 panapokwambia kwamba zilikuwepo.

Kurudi ndiko kunakouma. I5 itakupa nafasi mbili tupu kisha 417. I5.5 itakupa 00417, lakini itampa kila mtu sufuri, hata yule wa fakitori ya pili ambaye hakuwahi kuwa nazo. Na ukitenga nafasi mbili pekee, yaani I2, Fortran haikati namba yako kimyakimya. Inakuchapia nyota mbili: . Naipenda tabia hiyo. Ikishindwa, inasema imeshindwa. Karani wetu angepewa nyota siku ile, angalau angejua kuna tatizo.

Lakini huku kwetu, kumgeuza mtu kuwa nambari kulianza zamani kabla ya kompyuta. Reli ilifika Thika mwaka 1913, na mashamba ya walowezi ya mkonge na kahawa yalihitaji vibarua. Mwaka 1915 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kuwasajili wanaume Waafrika kuanzia miaka 16, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia ikaanza kuitekeleza. Hicho ndicho kipande: karatasi yenye nambari, alama za vidole, kazi na mshahara, ndani ya kibati kilichoning'inizwa shingoni, kama kengele ya mbuzi. Mwajiri asipotia sahihi kwamba amekuachilia, kupata kazi kwingine ilikuwa shida. Ukitoroka, nambari inakutafuta.

Mmoja wa waliosimama dhidi yake alikuwa Harry Thuku wa Kambui, hapo hapo Kiambu. Thuku aliwahi kupanga herufi za risasi katika gazeti la Leader, halafu akawa opereta wa simu katika Hazina ya serikali jijini Nairobi. Yaani alifanya kazi na herufi, kisha akafanya kazi na nambari. Machi 1922 alikamatwa, polisi wakaufyatulia risasi umati uliokuja kumdai Nairobi, na Muthoni Nyanjiru akawa miongoni mwa waliouawa. Thuku akapelekwa kizuizini Kismayu. Kipande cha Waafrika pekee kiliendelea hadi 1947, ilipokuja sheria ya kusajili watu wa rangi zote.

Sisemi kwamba programu ya ushirika ni ukoloni. Kosa la sufuri ni uzembe tu, na linarekebishwa kwa mstari mmoja. Ila swali ni lile lile: nambari hii inamtumikia nani, aliyeibeba au anayeisoma? Dawa ninayowapa wanaoanza kuandika programu ni rahisi. Kabla ya kuweka nambari kama namba kamili, jiulize kama kuna siku utaijumlisha na nyingine. Kilo za kahawa, ndiyo. Nambari ya kitambulisho, hapana. Nambari ya simu, hapana: ukiianza na 254 inazidi 2,147,483,647, kikomo cha namba kamili ya biti 32, na ukiianza na 07 inapoteza ile sufuri.

Shosho alilipwa mwishoni. Alikuwa ametunza risiti zote kwenye mkebe wa majani chai, na kila risiti ilikuwa na 00417 kwa wino, sufuri zake zote mbili. Tangu siku hiyo, akiulizwa nambari, hakusema mia nne kumi na saba. Alisema, polepole, akimwangalia karani machoni: "Sufuri, sufuri, nne, moja, saba."

Miti yake ilikuwa Ruiru 11, aina iliyotolewa mwaka 1985 na kituo cha utafiti wa kahawa pale Ruiru baada ya ugonjwa wa chulebuni kuwatesa wakulima. Hakuwahi kuuliza Ruiru 10 ilienda wapi.